Jina Lisilokuwemo Daftarini: Kisa cha Mama Aliyeitumikia Parokia kwa Nusu Karne

Mama huyu alizaliwa mwaka 1934, akabatizwa angali mchanga, akafariki mwaka 2023. Kwa zaidi ya miaka 50 kati ya hiyo aliitumikia parokia moja bila mshahara na bila cheo kilichoandikwa popote. Alitunza sakristia, yaani chumba cha mavazi na vyombo vya ibada, alifua na kupiga pasi vitambaa vya altare, aliandaa watoto wa Komunyo ya kwanza, na tangu katikati ya miaka ya 1980 aliwapelekea wagonjwa Ekaristi majumbani. Katikati ya Januari 2018 alianguka, akavunjika nyonga. Tangu siku hiyo hadi juma la pili la Pasaka, hakuna mtu wa parokia aliyempelekea Komunyo. Mwaka ule Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 14 Februari na Pasaka tarehe 1 Aprili, kwa hiyo Kwaresima nzima ilimpita kitandani, na Juma Kuu lote, na sherehe yenyewe.

Watoto wake wameridhia nikieleze kisa hiki bila majina. Nakieleza kwa sababu hakuna mtu mbaya ndani yake. Waumini walimpenda, mapadre walimheshimu, na siku alipotimiza miaka 50 ya utumishi alisimamishwa mbele ya altare akapigiwa makofi. Laiti angekuwepo mtu aliyemchukia, maelezo yangekuwa mepesi. Inabidi tutafute kwingine.

Kanisa lililomlea

Alipopokea Komunyo ya kwanza, miaka ya 1940, anayetaka kukomunika hakuruhusiwa kula wala kunywa tangu usiku wa manane, hata tone la maji. Mwaka 1953 Papa Pio XII aliruhusu maji. Mwaka 1957 akapunguza mfungo wa chakula ukawa wa saa tatu, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaufanya wa saa moja. Mama aliyajua mabadiliko hayo na aliwafundisha watoto saa moja kama sheria inavyotaka, lakini yeye mwenyewe aliendelea na mfungo wake wa zamani mpaka uzeeni, ingawa kanuni ya 919 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, unaotumika sasa, inawaondolea wazee, wagonjwa na wanaowauguza hata hiyo saa moja. Alikuwa amekua akijua kwamba Ekaristi ni ya kusubiriwa. Hilo tulishike, litatusaidia mbele.

Kuhusu vitambaa kuna mengi zaidi ya kusema. Alianza kazi sakristia mwaka 1966, wakati Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917 ulikuwa bado unafanya kazi. Sheria hiyo ilikataza korporale (kitambaa kinachotandikwa altareni chini ya mkate na divai) na purifikatori (kitambaa cha kufutia kikombe) zilizotumika katika Misa zipewe mlei azifue, hata awe mtawa, kabla hazijasuuzwa kwanza na kleri mwenye daraja kubwa. Maji ya kusuuza huko kwa kwanza yalimwagwa katika sakrario, tundu maalumu linalopeleka maji ardhini, au motoni. Sheria hiyo hiyo, kanuni ya 813, ilimzuia mwanamke kumhudumia padre altareni: asipopatikana mwanamume, na kwa sababu ya haki, mwanamke angeweza kuitikia kwa mbali tu, bila kuikaribia altare. Basi paroko wa wakati ule alikuwa akisuuza mwenyewe, kisha anamkabidhi mama beseni. Baadaye paroko mwingine akamwachia kazi yote.

Nilibahatika kumwona akiifanya. Alikunja mikono ya gauni, akamimina maji safi juu ya korporale bila sabuni, akaiacha ilale humo mpaka aridhike kwamba kama kuna chembe ya hostia, mkate wa Ekaristi, imeyeyuka. Maji hayo aliyamwaga penye ardhi ambapo hapiti mtu. Hapo ndipo alipofua sasa, kwa sabuni, kwa mkono, akaanika, akapiga pasi kitambaa kikiwa bado na unyevu kidogo. Kukunja ndiko kulikomfanya anyamaze kabisa: mara tatu kwa urefu, mara tatu kwa upana, kitambaa kinabaki na miraba tisa, ili padre akifunge na chembe yoyote ibaki ndani. Maelekezo ya Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004 yanausifu ufuaji huo wa awamu mbili, lakini yeye hakuwahi kuyasoma. Alikuwa akifanya hivyo miongo kadhaa kabla hayajaandikwa.

Mwaka 1973, kwa maelekezo ya Immensae Caritatis, Kanisa liliruhusu walei wateuliwe kugawa Komunyo panapokuwa na uhitaji. Katika orodha ya wanaoweza kuteuliwa, muumini wa kawaida, mwanamume au mwanamke, alitajwa mwishoni kabisa, baada ya wasomaji, waseminari, watawa na makatekista. Parokia hii ilichukua muda kuitumia ruhusa hiyo. Mama alipoteuliwa alikuwa na umri wa miaka 50 na kitu, mjane tayari. Yule ambaye ujanani alitakiwa kuitikia kwa mbali sasa alitembea barabarani amevaa shingoni kikasha chenye Mwili wa Kristo, chini ya nguo, na akiwa nacho hakusimama kupiga soga na yeyote. Watu walijua. Walimpisha tu.

Daftari

Wagonjwa wake walikuwa wameandikwa katika daftari la shule, kwa penseli. Penseli, kwa sababu majina yalikuwa yakiondoka. Binti yake alinionyesha. Kando ya jina moja kumeandikwa: "Kipande kidogo sana, na maji ya kijiko." Kando ya jingine: "Asipewe mbele ya mkwewe, anaona haya." Kwingine: "Anataka padre kabla ya Ijumaa ya kwanza." Kwingine: "Hasikii sikio la kushoto, kaa kulia." Maelezo mengi yalikuwa kwa vifupisho alivyovibuni mwenyewe, na hakuna mwingine aliyeweza kuvisoma.

Ofisi ya parokia haikuwa na nakala. Kila paroko aliyehamia pale, na mama alihudumu chini ya wengi, aliulizia habari za wagonjwa akajibiwa, "Mama anao." Lilikuwa jibu la kweli na liliwatosha wote.

Katika daftari lile hapakuwa na jina lake. Lingeandikwa na nani?

Majivu

Juma moja kabla ya Jumatano ya Majivu, kijana mmoja wa kamati ya liturujia alitumwa nyumbani kwa mama. Matawi makavu ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, yanayochomwa kupata majivu, hayakuonekana sakristia. Kijana alisimama mlangoni mwa chumba, akasalimia kwa adabu, akauliza. Mama alimweleza: yako katika mfuko wa nguo nyuma ya kabati la mavazi ya zambarau, achome kwenye chombo cha chuma, asitie mafuta, akishapoa achekeche kwa kitambaa chepesi mara mbili ili yasimkwaruze mtu usoni. Akamwomba binti yake ampe kijana ufunguo uliokuwa chini ya mto. Kijana akashukuru, akaondoka.

Majivu yalipatikana na ibada ilikwenda vizuri. Hakuna aliyekumbuka kumletea yeye.

Katika Kwaresima hiyo simu zilipigwa pia. Monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, inasafishwa kwa kutumia nini? Pazia la kufunika msalaba limehifadhiwa wapi? Mshumaa wa Pasaka uliagizwa? Alijibu zote. Binti yake ananiambia kwamba kila simu ilipolia mama alijiweka sawa kitandani, na ilipokwisha alinyamaza kwa muda mrefu. Wakati Pasaka inakaribia alianza kuwa na wasiwasi wa dhamiri. Kanuni ya 920 inamtaka kila muumini apokee Komunyo walau mara moja kwa mwaka, na katika kipindi cha Pasaka. Mwanamke aliyewapelekea wengine Komunyo ya Pasaka kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa akijiuliza kama yeye ataivunja amri. Binti yake alimwambia, "Mama, nimpigie Padre?" Akajibu, "Padre ana kazi nyingi siku hizi. Wapo wagonjwa kweli."

Aliyeuliza

Swali liliulizwa na mzee kipofu aliyekuwa katika daftari lake tangu zamani. Baada ya mama kuanguka, wagonjwa walioweza kukumbukwa waligawiwa wahudumu wengine wa Ekaristi, na mzee huyu alifikiwa na paroko msaidizi, padre kijana aliyekuwa mgeni parokiani. Katika juma la pili la Pasaka, baada ya kukomunika, mzee akasema, "Padre, yule mama aliyekuwa akija kwangu, sasa nani anakwenda kwake?" Padre alidhani paroko anakwenda. Alipomuuliza paroko, naye alidhani wahudumu wanakwenda, maana ni mwenzao. Wahudumu walidhani mtu kama yule hawezi kukosa padre wa kumtembelea. Padre kijana alikwenda jioni ile ile.

Alipomweleza kwamba angependa pia kumpa Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa, mama alimtazama, akauliza, "Nimefika huko, Padre?" Hapa tena inaonekana Kanisa lililomlea. Aliyezaliwa mwaka 1934 aliona mafuta yakiletwa kwa watu waliokuwa wanakata roho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, ulirekebisha mtazamo huo, na utaratibu mpya ulitolewa na Paulo VI mwaka 1972. Kanuni ya 1004 inasema wazi kwamba sakramenti hiyo hupewa muumini anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, na inaweza kurudiwa. Mama alikuwa amewaeleza wagonjwa wengi jambo hilo hilo, kwa usahihi, ili wasiogope. Zamu yake ilipofika, aliogopa. Padre alikaa, akamweleza taratibu. Akapakwa mafuta siku ile, na mara nyingine kadhaa katika miaka iliyofuata.

Kwa nini ilitokea

Maelezo ya kwanza yaliyotolewa katika halmashauri ya parokia yalikuwa ya mawasiliano: kila mmoja alidhani mwingine anakwenda. Ni kweli, lakini inaeleza siku mbili tatu, haielezi miezi. Mtu anayependwa hasahauliki karibu miezi mitatu kwa sababu ya kutopigiana simu tu, na hasa huyu, ambaye simu alipigiwa.

Naliona hivi. Parokia ilikuwa imemjua mama kupitia kazi yake kwa muda mrefu mno hata ikawa vigumu kumwona upande mwingine, upande wa anayepokea. Alipoanguka, kilichoonekana ni pengo sakristia. Watu wakalishughulikia pengo, kwa bidii na nia njema. Yule kijana wa majivu alikwenda kwa mtunza sakristia akapata alichotumwa. Kwa mgonjwa aliyelala pale hakuwa ametumwa.

Sheria yenyewe haina utata. Kanuni ya 529 inamwagiza paroko awasaidie wagonjwa kwa upendo mwingi na awaimarishe kwa sakramenti. Kanuni ya 213 inasema waamini wana haki ya kupata msaada wa wachungaji wao kutoka katika hazina za kiroho za Kanisa, hasa Neno la Mungu na sakramenti. Ni haki, na haimsubiri muumini astaafu kwanza utumishi wake. Kanuni ya 212 inawapa waamini uhuru wa kuwaeleza wachungaji mahitaji yao, lakini uhuru huo unahitaji mtu aliyelelewa kuamini kwamba kuomba si kiburi. Yeye hakulelewa hivyo. Kusubiri kulikuwa sehemu ya ibada yake, na kusubiri huko, kuzuri kwa namna yake, kuliwafanya wengine wadhani hana haja.

Lazima niseme pia upande wake, kwa sababu kumsifu tu hakumtendei haki. Hakupenda msaidizi. Wasichana waliwahi kuletwa wajifunze kazi, na mmoja aliyekunja korporale kinyume alirudishwa nyumbani akilia. Maparoko walikubali hivyo kwa kuwa kazi ilikuwa ikifanyika vizuri. Hakuna aliyewahi kumwambia, kwa heshima inayostahili umri wake, kwamba huduma ya Kanisa ni sharti irithishwe. Hapo nawalaumu wachungaji na viongozi wa walei kuliko yeye: yeye alikuwa mtu mmoja mwenye tabia yake, wao walikuwa na wajibu wa kuiona kesho. Kumwacha peke yake kulionekana kama heshima.

Mambo haya yametokea katika Kanisa tangu mwanzo. Matendo ya Mitume, sura ya 6, inaeleza manung'uniko kwamba wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie, wala hawakufanya uchunguzi wa nani mwenye kosa. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, kazi ile ikawa na wenyewe. Barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, inataja hata orodha: mjane aandikwe akiwa hapungui miaka 60, ameshuhudiwa kwa matendo mema, amewapokea wageni, amewasaidia walio taabuni. Tazama sifa hizo. Ni za mtu aliyetumika. Kanisa la kwanza liliandika majina ya wanawake waliotumika, wakiwa wazee, likajua wako wapi.

Kilichofuata

Halmashauri iliamua mambo kadhaa. Moja lilikuwa kukiita chumba cha mikutano kwa jina la mama. Mimi sikuliunga mkono, na yeye mwenyewe alilikataa kabla halijapigiwa kura. Yaliyofaa yalikuwa mawili. Kwanza, daftari la wagonjwa likawa la ofisi, linaandikwa kwa maneno kamili, na kila mwezi linasomwa jina kwa jina mbele ya paroko: nani amemwona, lini, anahitaji nini. Binti yake alikaa na mama siku kadhaa wakafumbua vifupisho vile. Pili, mtumishi yeyote asipoonekana kwa Jumapili mbili mfululizo, anatembelewa kwanza. Habari za funguo na vitu vya ofisi zinaulizwa na mtu mwingine, siku nyingine.

Mama aliishi miaka mitano zaidi, na hakurudi kutembea bila msaada. Wanawake watatu vijana walianza kuja kwake Jumatatu na vitambaa vya Jumapili. Aliwafundisha akiwa ameketi kitandani, ubao wa pasi mbele yake. Yule aliyerudishwa nyumbani akilia miaka mingi nyuma alikuwa mmoja wao, sasa ana watoto wake. Mama alimwomba radhi mbele ya wengine, kisha, nasikia, akamsahihisha tena kuhusu mkunjo wa pili.

Januari 2021 Papa Fransisko alitoa Spiritus Domini, akabadilisha kanuni ya 230 ili wanawake nao waweze kupokea rasmi huduma za usomaji na uakoliti, yaani utumishi wa altareni. Padre kijana alikwenda kumsomea habari hiyo. Aliomba isomwe mara mbili. Alisema anawafurahia wale wasichana watatu, akauliza kama watafundishwa vizuri. Mwaka huo huo Papa alianzisha Siku ya Mababu na Wazee Duniani, Jumapili ya nne ya Julai, na parokia ikaitumia kwenda nyumba kwa nyumba kwa waliomo daftarini. Alipofikiwa na kundi la watoto wa Komunyo ya kwanza, aliwauliza maswali ya katekisimu mpaka wakachelewa nyumba iliyofuata.

Alifariki mwaka 2023 akiwa amepokea mpako na Komunyo ya njiani, ile ya anayekaribia kufa, akiwa na akili timamu, watoto wake wote wapo.

Daftari la ofisi linaendelea, na limeleta maswali ambayo hatukuyatarajia. Makatekista wastaafu na wazee wa kwaya wengi bado hawamo, kwa sababu wanaweza kutembea na hakuna anayewahesabu kuwa wagonjwa. Katika kikao kimoja mwaka jana tulijadili mzee aliyekuwa mweka hazina wa parokia kwa muda mrefu, aliyeacha kuja Misani kwa sababu hawezi tena kuzuia haja ndogo na anaona aibu kukaa kati ya watu. Baadhi walisema si mgonjwa, na kumwandika ni kumdhalilisha. Nilishauri aendewe na mtu anayemwamini, aulizwe mwenyewe anapendelea nini: apelekewe Komunyo nyumbani, au atengewe kiti karibu na mlango wa pembeni. Aliendewa. Alichagua kiti, na jina lake likaandikwa pia, kwa ridhaa yake, kwa ajili ya Jumapili ambazo hataweza.